UZI: Mgonjwa akijazishwa dodoso la haiba (tabia ya mtu), majibu yanamsoma yeye au yanausoma ugonjwa?

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuweka kiporo muda mrefu maana unataka utulivu kuuandika, ila wiki iliyopita dada mmoja kanitumia picha ya ripoti ya mama yake, kurasa mbili tu, mama ana saratani ya titi yuko katikati ya dripu za kemo, na ripoti inasema mama ni mtu mwenye "tabia ya kulalamikia mwili kupita kiasi" na "kukosa nguvu za kisaikolojia". Nimeisoma mara tatu. Mtu yuko kwenye kemo, mdomo una vidonda, vidole vina ganzi, halafu anaandikiwa kwamba analalamikia mwili. Imeniuma kweli, na imeniuma zaidi kwa sababu na mimi nilishawahi kuandika ripoti ya aina hiyo hiyo.

Mimi ni mtu wa saikolojia tiba, nafanya kazi hospitali, sitaitaja. Kisa cha mgonjwa nitakachosimulia nimekibadilisha vitu kadhaa asije akajulikana.

Miaka ya mwanzo kazini nilipewa mzee mmoja, umri wa baba yangu kabisa, figo zimekufa, anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Nikamjazia PHQ-9, lile dodoso fupi la sonona lenye maswali tisa, kila swali unapewa 0 mpaka 3 kutegemea umesumbuliwa siku ngapi ndani ya wiki mbili zilizopita, jumla ya juu kabisa ni 27. Mzee akapata 15. Kwenye jedwali 15 ni sonona ya kiwango cha juu kidogo ya wastani, hapo unaanza kufikiria dawa, basi nami nikaandika hivyo, nikaongeza na sentensi yangu kwamba mgonjwa anaonekana ni mtu wa kukata tamaa kwa asili yake. Kwa asili yake! Nilikuwa nimekaa naye dakika ishirini tu.

Aliporudi nikamsomea majibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, umeniuliza kama nachoka. Leo siku ya nne sijawekwa kwenye mashine, nisichoke?"

Nikarudi kwenye karatasi nikaanza kuhesabu upya. Usingizi 3, maana anajikuna usiku kucha, wagonjwa wa figo wanajua kuwashwa huko. Uchovu 3. Hamu ya kula 3, uchafu ukijaa kwenye damu chakula kinakuwa kama majivu mdomoni. Umakini 2. Mwili kuwa mzito 2. Hapo tayari ni 13 kati ya 15. Kukosa raha na mambo anayoyapenda alipata 1, huzuni 1, kujiona hana thamani sifuri, mawazo ya kufa sifuri. Yani karatasi yote niliyoita sonona ilikuwa figo inaongea.

Huyo mzee ndo alinifundisha kusoma karatasi swali kwa swali na sio kukimbilia jumla chini.

Sasa tuje kwenye madodoso ya haiba yenyewe, maana huko ndo tatizo linakuwa kubwa zaidi. PHQ angalau inauliza wiki mbili zilizopita. Dodoso la haiba linadai kukuambia wewe ni mtu wa namna gani, jana, leo na miaka ijayo.

Kongwe na maarufu kuliko yote ni MMPI, la Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, lilitolewa 1943 na mwanasaikolojia Starke Hathaway na daktari wa akili na mishipa ya fahamu J. C. McKinley. Toleo la 1989, MMPI-2, lina kauli 567, mtu anajibu kweli au si kweli. Alama zinageuzwa kuwa alama T, wastani ni 50, ukifika 65 kwenye kipimo fulani basi umewazidi takribani watu 92 kati ya 100 wa kundi la kulinganishia na hapo mtaalamu anaanza kuandika.

Swali la kujiuliza: hilo kundi la kulinganishia ni akina nani? Kundi la mwanzo kabisa, lile la Minnesota, walichukuliwa watu waliokuja hospitali ya chuo kuwaona ndugu zao. Watu wa kuleta uji na kuulizia hali. Na aliyekuwa mwenyewe yuko chini ya uangalizi wa daktari wakamuweka pembeni, hakuhesabiwa. Kwa hiyo kipimo kilizaliwa kikiwa na maana ya kwamba mtu wa kawaida ni yule asiyeumwa. Mgonjwa aliyelala kitandani alikuwa analinganishwa na mgeni aliyemletea matunda.

Halafu kile kipimo namba 1, kinachoitwa haipokondriasi, yani hofu ya ugonjwa iliyopitiliza, walikitengeneza kwa kuangalia majibu ya watu waliokuwa wakilalamika magonjwa huku madaktari hawaoni ugonjwa. Kauli zake zinahusu tumbo, maumivu, udhaifu, usingizi, ganzi na afya kwa ujumla. Mtu mwenye hofu ya ugonjwa anajibu "kweli". Mtu mwenye ugonjwa anajibu "kweli" pia, kwa sababu ndo ukweli wenyewe. Wino ni uleule na karatasi haina pa kuandika "ila mimi nina ugonjwa wa lupasi".

Na sio kipimo namba 1 peke yake. Namba 2 cha huzuni na namba 3 kinachoitwa histeria vimejaa maswali ya mwili. Hata namba 8, ambacho jina lake ni skizofrenia, ule ugonjwa wa akili ambao mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo, kina kauli za ganzi, viungo kutotii na mambo ya fahamu, kwa hiyo mgonjwa wa mishipa ya fahamu anaweza kupanda huko wakati hajawahi kusikia sauti hata siku moja. Vipimo 1 na 3 vikipanda na 2 kikabaki chini katikati, mchoro unakuwa kama herufi V, na kwa miaka mingi V hiyo ilisomwa kwamba mtu anageuza matatizo ya moyoni kuwa maumivu ya mwili. Wagonjwa wangapi wa mgongo wameambiwa maumivu yako kichwani kwa sababu ya hiyo V, Mungu ndo anajua.

Kuna utafiti mmoja wa Australia wa 1997 huwa nausimulia kila nikipata nafasi. Watu 17 waliopata ajali za gari wakabaki na maumivu sugu ya shingo. Wakapimwa kwa dodoso la dalili za kisaikolojia, SCL-90-R, alama ziko juu. Wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakachomwa kwa joto kile kineva kinachopeleka maumivu, wengine wakafanyiwa utaratibu uleule bila joto, mgonjwa hajui yuko upande gani na anayempima hajui. Hakuna aliyepewa ushauri nasaha. Waliopona maumivu kabisa, ile shida ya kisaikolojia ikaondoka nayo. Waliobaki na maumivu, isipokuwa mmoja tu, wakabaki na shida hiyo. Shingo ilitulia na "tabia" ikatulia.

Nitaendelea, ila maswali yaje kwanza.

#2

Mkuu umeandika vizuri lakini sasa unataka kusema haya madodoso yatupwe? Maana mimi shemeji yangu alikuwa na TB sugu watu wote wakawa wanasema ni ugonjwa, ni ugonjwa, ni dawa zinamchosha, siku tunashtuka amekunywa sumu. Alhamdulillah tulimuwahi. Kuna upande wa pili hapo usiuache.

#3 (mwanzisha uzi)

Mkuu pole sana, na umenikamata pahala penyewe. Ndugu yetu anaendeleaje sasa?

Hapana, yasitupwe. Na kosa la upande huo wa pili ni baya kuliko langu, maana mimi nilimkosea mzee heshima, ila huko mtu anapotea. Ukishazoea kusema "ni figo hiyo", "ni kemo hiyo", "ni TB hiyo", unafika mahali huzuni ya kweli ikija umekaa mlango uleule unaipungia mkono ipite. Uchovu wa ugonjwa na uchovu wa sonona vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja siku moja, na mara nyingi vinakaa.

Kwa hiyo mimi siku hizi nafanya hivi. Najumlisha kama kawaida, halafu najumlisha tena bila yale maswali ya mwili, naangalia kinachobaki. Kikibaki 2 kama mzee wangu, naenda taratibu. Kikibaki 8, yani hana raha na chochote, anajiona mzigo, anatamani kulala asiamke, hapo hata kama figo ipo sonona nayo ipo, na inatibika hata kama figo haitibiki.

Kuna mtafiti wa Marekani Jean Endicott, 1984, aliwaza jambo la maana sana kuhusu wagonjwa wa saratani. Akasema badala ya kufuta dalili za mwili tu na kubaki na pengo, weka nyingine mahali pake. Hamu ya kula weka sura ya huzuni na machozi ya mara kwa mara. Usingizi weka kujitenga na kukaa kimya. Uchovu weka kujihurumia na kuona mbele giza. Umakini weka kutochangamka hata kwa habari njema. Hiyo ya mwisho ndo naipenda, mjukuu akiingia wodini uso wa babu unafunguka au haufunguki? Hilo hata nesi wa zamu anaweza kukuambia, na ndugu anaweza kukuambia, haihitaji karatasi.

Halafu kuna dodoso liliundwa makusudi kwa ajili ya hospitali, HADS, la Zigmond na Snaith, 1983, maswali 14, saba ya wasiwasi na saba ya huzuni, walikwepa kwa makusudi dalili zinazoletwa na ugonjwa wa mwili kama kukosa usingizi na kizunguzungu. Sio kamilifu, lina swali la kujiona umepungua kasi na hilo mgonjwa wa kiharusi au wa Parkinson analipata bure, ila nia yake ilikuwa sahihi.

Na lile swali la tisa la PHQ, la mawazo ya kufa, msiliache hata siku moja. Mgonjwa mahututi anaweza kuweka alama pale akimaanisha vitu vitatu tofauti: "nimejiandaa kufa", "natamani nife", au "najua nitakavyojiua". Alama ni moja. Lazima uvute kiti ukae umuulize kwa maneno yako, bila ndugu chumbani. Kumuuliza hakumpandikizii wazo.

#4

Habari mkuu. Mimi ndo niliyekutumia ile ripoti, nimeamua nijitokeze. Kinachomtesa mama sio ile karatasi peke yake, mtu aliyemjazia alimwambia kwamba watu wanaoweka mambo moyoni ndo wanaopata kansa, na mama ni mtu wa kunyamaza kweli, alivumilia mengi kwa baba. Sasa usiku analia anasema "nimejiletea mwenyewe". Naomba unisaidie cha kumwambia.

#5 (mwanzisha uzi)

Dada yangu, kwanza mpe mama shikamoo yangu. Pili, mwambie hajajiletea. Nakueleza na sababu ili na yeye asione unambembeleza.

Hilo wazo ni la zamani na lilipata nguvu kubwa miaka ya 1980 na 1990 kupitia Hans Eysenck, profesa maarufu wa London, pamoja na mwenzake Ronald Grossarth-Maticek. Walichapisha matokeo wakidai kuna haiba ya saratani na haiba ya ugonjwa wa moyo, wanazitambua kwa dodoso, na aliye na haiba ya saratani anakufa kwa saratani kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana kwenye tiba. Wengine walipinga tangu mwanzo. Na ikaja kujulikana kuwa Eysenck alipokea hela za makampuni ya sigara, ambayo bila shaka yangefurahi sana kusikia tatizo ni tabia yako na sio sigara. Mwaka 2019 chuo chake mwenyewe, King's College London, kikafanya uchunguzi na kusema machapisho 26 ya wawili hao si salama kutegemewa, baadaye majarida yakaanza kuyafuta.

Wakati huohuo kuna watu walifanya kazi kwa uaminifu. Chapisho la 2010 liliwafuatilia karibu watu 60,000 wa Sweden na Finland waliokuwa wamejaza dodoso la haiba kabla ya kuugua, hilo "kabla" ndo la muhimu, wakaangalia kwenye rejista za saratani nani aliugua. Haiba haikutabiri kupata saratani. Sasa ukichukua mtu ambaye tayari anaumwa ukamjazisha dodoso halafu ukasema tabia hii ndo iliyoleta ugonjwa, umeanza hadithi kutoka mwisho. Aliyeambiwa ana saratani ananyamaza zaidi, analala vibaya, anawaza, karatasi inayaona hayo yote na kuyaita haiba.

Na mambo haya yalishatokea kwenye vidonda vya tumbo. Miaka mingi watu waliambiwa vidonda vinaletwa na tabia ya mtu, mara hasira, mara kutaka kutegemea wengine. Barry Marshall na Robin Warren kule Perth, Australia, wakaonyesha kuna bakteria, Helicobacter pylori, Marshall akainywa mwenyewe 1984 akapata uvimbe kwenye ukuta wa ndani wa tumbo, na 2005 wakapewa Nobel. Leo mtu anapewa antibayotiki anapona, na tabia yake iko palepale.

Mama kunyamaza kwa ajili ya watoto wake ni jambo lingine kabisa, kama anataka kulia kwa ajili ya hayo aliyoyavumilia alie, yanastahili machozi yake. Ila asiyaunganishe na titi. Na ripoti omba iandikwe upya, una haki ya kuuliza ni maswali gani yaliyopandisha alama. Tumia maneno hayohayo: "naomba nijue ni maswali gani."

#6

Mada nzuri sana hii. Bibi yangu alipata kiharusi mwaka jana upande wa kulia wa kichwa, mkono wa kushoto ukafa, kabla ya hapo alikuwa mpole mno sasa anatukana watu, mara analia ghafla mara anacheka msibani. Ndugu wanasema hii ndo tabia yake halisi alikuwa anaificha. Kuna ukweli hapo?

#7 (mwanzisha uzi)

Mkuu, sio tabia iliyokuwa imefichwa. Ubongo ndo kiungo kinachoshika breki, kikijeruhiwa breki inaachia. Na huko kulia na kucheka kusikoendana na anachohisi kuna jina lake kitabibu na kuna dawa, mpelekeni kliniki ya mishipa ya fahamu mseme hivyohivyo ulivyoniandikia, hasa cheko la msibani. Ukimuuliza bibi mwenyewe anaweza kukuambia hakuwa na furaha hata kidogo pale.

Kwenye magonjwa ya ubongo dodoso linapata shida ya aina mbili. Ya kwanza ni ileile, dalili zinahesabiwa kama tabia. Mmarekani Carlton Gass mwaka 1991 alichukua watu walioumia kichwa akachambua MMPI-2 akatenga kauli 14 ambazo kimsingi ni dalili za jeraha lenyewe, akapendekeza uhesabu alama mara mbili, pamoja nazo na bila hizo, mwaka uliofuata akafanya hivyohivyo kwa wa kiharusi. Wenzake wengine walimpinga wakisema ukizifuta unaweza kufuta na huzuni ya kweli. Mi naona wote wana hoja, ndo maana nasema angalia hesabu zote mbili na usichague moja kabla hujamuona mtu.

Shida ya pili ni kwamba mgonjwa mwenyewe anaweza asijue amebadilika. Kuna kiharusi cha upande wa kulia mtu mkono haufanyi kazi anakuambia uko sawa. Huyo ukimpa dodoso la haiba anajieleza alivyokuwa zamani, kwa moyo mweupe kabisa. Hapo lazima umuulize aliyeishi naye, na swali liwe la kulinganisha: kabla alikuwaje, sasa yukoje, kuanzia lini. Tarehe ya mabadiliko ina thamani kuliko alama. Tabia haina tarehe ya kuanza, ugonjwa unayo, na dawa inayo pia. Tezi ya shingo ikizidisha kazi mtu anakuwa mwepesi wa hasira na moyo unamwenda mbio, prednisolone, dawa ya jamii ya steroidi, inaweza kumfanya mtu asilale na achangamke kupita kiasi, efavirenz, dawa ya VVU, wengi humu mnaikumbuka na ndoto zake kabla watu hawajahamishiwa dolutegravir. Kwa hiyo kabla sijafungua dodoso nauliza mifuko ya dawa, zote, hata za mitishamba.

#8

Niko Kenya, ni nesi wa palliative, yani wa kuwapunguzia mateso wagonjwa wa magonjwa mazito, huku kwetu. Swali langu ni la lugha. Wagonjwa wetu wengi nikiwauliza kwa Kiswahili "umekuwa na huzuni?" wananiambia "la, namshukuru Mungu", na unaona tu machoni mtu ameumia. Kisha nikiuliza maumivu wanafunguka kabisa. Alama za moyo zinakuwa chini, za mwili juu. Hii nayo tuisomeje?

#9 (mwanzisha uzi)

Dada asante, hili ni swali ambalo lingestahili uzi wake. Tuna bahati kwamba watu wameshafanya kazi kwa Kiswahili na kwa wagonjwa hasa. Mwaka 2006 huko kwenu Kenya ilichapishwa PHQ-9 ya Kiswahili iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo. Kabla yake, 2002, Dar es Salaam walilipima dodoso la Hopkins, la wasiwasi na huzuni, kwa wajawazito wenye VVU. Kwa hiyo usitafsiri mwenyewe papo hapo kitandani, leo ukasema "huzuni" kesho "majonzi", tafuta iliyopimwa.

Ila hata iliyopimwa inakutana na adabu zetu. Ukimuuliza mtu mzima "hujambo" atasema "sijambo" hata kama anakata roho. "Namshukuru Mungu" ni salamu, ni imani, na ni njia ya kukulinda wewe usihuzunike kwa ajili yake. Kwenye haya madodoso makubwa kuna vipimo vya kunasa mtu anayejifanya mwema kupita kiasi, na mzee wetu wa dini anayejibu kwamba hasemi uongo na hana kinyongo na mtu anaweza kuandikwa kuwa majibu yake hayaaminiki. Hadanganyi. Anajibu alivyolelewa.

Na upande wa mwili, kwetu moyo unaongea kupitia mwili. Mtu anasema moyo mzito, kichwa kimejaa, mwili hauna nguvu, mawazo yanamla. Hapa nakiri inakuwa ngumu, maana uzi mzima nimesema maswali ya mwili yanahesabu ugonjwa, sasa nakuambia kwa mtu wetu yanaweza kuwa ndo huzuni yenyewe. Yote mawili ni kweli. Mimi kinachonisaidia ni kumuuliza tu: "huo uchovu, ukilala ukaamka unapungua? Siku mgeni unayempenda akija unapungua?" Na neno ninalolitumia sana ni mawazo, "siku hizi una mawazo mengi?" Mtu aliyekataa huzuni mara mbili hapo anakaa sawa kitandani na kuanza kusema.

Kuhusu muda, usimjazie mtu siku ya dripu wala siku ya mashine wala siku amepewa majibu mabaya. Msomee kama macho hayaoni vizuri, ndugu watoke nje, na ukiona anachoka swali la thelathini simama hapo mmalizie kesho. Majibu ya mtu aliyechoka yote yanafanana. Na kwenye ripoti andika mstari wa kwanza kabisa alikuwa anaumwa nini siku hiyo, anatumia dawa gani, na alikuwa na maumivu kiasi gani.

Yule mzee wa figo nilimrudishia PHQ ileile asubuhi moja baada ya kusafishwa na kulala, wakati huo kuwashwa kulishapatiwa dawa. Akapata 6. Nikaifuta ile sentensi ya "kwa asili yake" kwenye faili, nikaweka sahihi na tarehe pembeni.

#10

Mkuu mwanzisha uzi, ni mimi wa #4. Nimemsomea mama yote haya jioni hii, kile cha vidonda vya tumbo akaniambia rudia. Jumatatu tunaenda kuuliza ni maswali gani.